Namna ya kuotesha jasmini juu ya lava ya Goma, kuanzia shimo hadi maua

Saa kumi na mbili za jioni watu wakipita kwetu wanasimama pa mlango wa parseli na kuuliza ni manukato gani hiyo, nikiwaonesha jasmini yenye imepanda ukuta hadi karibu na mabati wanasema niko na mkono mzuri. Hapana, mkono haufanyi kitu hapa. Jasmini yangu ya kwanza ilikufa mu miezi tatu, ya pili ilikaa mwaka mzima bila kutoa hata ua moja, na ya tatu njo hii yenye wanainusa. Nilichojifunza ni kwamba hapa Goma jasmini inafia mu shimo. Ukitengeneza shimo vizuri kazi ingine yote inakuwa ndogo, kwa hiyo nitakaa sana kwa shimo, munivumilie.

Kwanza ujue unanunua nini

Jina jasmini linabeba mimea mingi sana. Sisi tumezoea jasmini sababu ya Kifaransa, watu wa pwani kule Mombasa na Zanzibar wanasema asumini ao yasmini, na wanawake wao wanaitia mu vikuba, vile vishada vya kunukia, pamoja na mrehani. Lakini ile asumini yao ni Jasminum sambac, inapenda joto na inakua kama kichaka kuliko kama kamba. Goma inaota, ila tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, usiku kuna baridi, basi inakwenda polepole na ukuta haitaufunika. Kwa ukuta mimi napendekeza Jasminum polyanthum, asili yake Uchina. Utaitambua hivi: jani moja limegawanyika vijani vitano hadi saba, kitumba cha ua iko rangi ya waridi kwa nje, ua likifunguka linakuwa jeupe lenye ncha tano. Ikipata pa kujizungusha inapanda hata mita 6. Na hii inapenda usiku wa baridi, baridi njo inaisukuma itoe maua, kwa hiyo hewa ya hapa kwetu inaifaa kuliko hewa ya Kisangani.

Watu wenye wanauza miche kando ya barabara, wengi wao ni waaminifu lakini wao pia waliuziwa jina tu. Kuna kitu wanaita jasmini ya usiku, jina lake la kitaalamu Cestrum nocturnum, maua yake ni vibomba vyembamba vya kijani-njano, usiku inanukia kwa nguvu mpaka kichwa kinauma. Hiyo si jasmini, haipandi ukuta, na yote ni sumu, zaidi vile vitunda vyeupe. Kama muko na watoto mu parseli musiipande.

Fanya hivi mbele ya muuzaji, hatakasirika: vunja jani moja pale kwenye kikonyo, ushike karibu na macho, subiri kidogo. Jasmini ya kweli itatoa maji kidogo ao haitatoa kitu. Kukitoka maziwa meupe yenye kunata kwa vidole, uko na mmea mwingine, pengine Trachelospermum, pengine Stephanotis ya Madagascar. Hizo pia zinapanda na zinanukia vizuri, sikuzuii, lakini ni za polepole na maziwa yake yanawasha ngozi, na maelezo yangu ya kukata yenye yanafuata hayatazihusu. Halafu geuza chungu ao sashe, ule mfuko wa plastiki wa mche, uangalie chini. Ukiona mizizi imetoka kwa tundu na kuzunguka zunguka kama waya, mche umezeeka humo ndani, chukua mwingine hata kama uko mfupi. Mche wa sentimita 30 wenye mizizi safi utaupita ule wa mita moja.

Mahali

Jasmini inataka jua kama saa sita kwa siku, jua la asubuhi likiwa bora. Kwenye kivuli itaishi, itatoa majani mazuri ya kijani, na utasubiri maua hadi uchoke. Usiiegemeze moja kwa moja kwa mabati, saa saba mchana mabati yanawaka na vichipukizi vinababuka, na kama nyumba iko ya mbao usiiegemeze kwa mbao pia, unyevu unakaa pale nyuma na mbao zinaoza. Karibu na dirisha la chumba cha kulala acha mita mbili tatu, ile harufu usiku wa maua mengi ni nzito na si kila mtu anaivumilia.

Na kuna jambo la mazuku, hili nalisema kwa uzito. Kama unakaa upande wa magharibi wa mji kuelekea Sake, kabla ya kuchimba shimo mu sehemu ya bonde angalia kwanza. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi yenye inatoka mu ardhi, ni nzito kuliko hewa, inajaa mu mashimo na mabonde, zaidi usiku na asubuhi mapema kabla upepo haujaanza. Ukiona sehemu majani yamekauka bila sababu, ao ndege na wadudu wamekufa pale chini, usichimbe, usiiname, usimtume mtoto kuchota udongo. Panda pahali pa juu. Hata mizizi yenyewe haiwezi kupumua mu gesi ile.

Shimo

Goma yote tunakaa juu ya lava. Volkano yetu Nyiragongo ilitapika 1977, ikatapika tena tarehe 17 Januari 2002 lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 tukaiona tena. Lava yake ni nyepesi, inakimbia kama uji, ikipoa sehemu zingine inabaki sakafu moja ngumu na sehemu zingine inavunjika kuwa mawe mawe. Kwa hiyo kabla hujaleta mche, piga baramini, ile fimbo nzito ya chuma ya kuvunja mawe, chini sehemu tatu nne. Ikizama na kutoa sauti ya kokoto uko na bahati, maji yatapita. Ikilia kama kengele na kukurudishia mkono, uko juu ya sakafu kama mimi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo. Nililipa vijana wawili wakachonga shimo mu ile sakafu, sentimita 40 kwenda chini, siku nzima ya kazi, nikajaza udongo mzuri, nikapanda nikafurahi. Mvua za Oktoba zikaja. Majani ya chini yakawa njano, nikafikiri ni kiu nikaongeza maji. Mwezi wa Desemba nilipovuta mche ulitoka bila kushikilia kitu, mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, ngozi yake inatoka ukiibana na vidole inabaki uzi mwembamba mweupe ndani, na harufu ilikuwa ya mfereji. Nilikuwa nimechonga sufuria. Maji yaliingia hayakuwa na njia ya kutoka.

Kwa hiyo jaribio lenye sitaki muliruke: ukimaliza kuchimba, kabla ya kutia hata konzi moja ya udongo, mwaga maji ndoo moja ya lita 20. Rudi baada ya saa moja. Kama yameisha, panda. Kama yamebaki hata nusu, tafuta ufa na kuufungua kwa baramini hadi maji yaende, ao uache kuchimba kabisa na ujenge kwenda juu.

Kujenga juu njo nilifanya na njo nashauri wengi wafanye. Mawe meusi hayatupungukii. Panga mawe kama sanduku, urefu mita 1, upana sentimita 60, kimo sentimita 50, na ile safu ya chini usiitie sementi, acha mawe makavu yenye nafasi ndogo ndogo ili maji yatoke. Hilo sanduku linakula lita 300, yaani ndoo 15 za lita 20. Mimi nilitia ndoo 8 za udongo mweusi, ndoo 4 za mbolea iliyoiva, na ndoo 3 za changarawe ya volkano ile nyepesi yenye matundu. Kama ardhi yako inapitisha maji na unachimba shimo la kawaida la sentimita 60 kwa 60 na kina 50, ndoo 9 zinatosha, fuata hesabu ile ile, kama nusu udongo na nusu ingine ugawanye.

Udongo mimi nilileta kwa chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, upande wa Sake, mifuko mitano, na nilikaa chini kuuchambua kwa mkono kwa sababu udongo wa kununua unakuja na mizizi ya magugu, ukiyaacha mwaka wa kwanza wote utakuwa unayang'oa. Mbolea ya mbuzi ni nzuri, lakini lazima iwe imeiva. Chukua punje moja ya mavi ya mbuzi uivunje na kidole. Kama ndani bado iko kijani na inanuka, irudishe kwa rundo, funika na majani ya ndizi, subiri, kwa kawaida miezi mitatu. Kama inasagika kuwa unga mweusi wenye harufu ya msitu baada ya mvua, tayari.

Watu wananiambia ardhi ya volkano ni tajiri, mbolea ya nini? Lava iko na potasiamu na madini mengine mengi, ni kweli, ila nitrojeni haimo, nitrojeni inakuja na vitu vyenye vilikuwa hai na vikaoza, na lava ya 2002 bado haijapata muda wa kufunikwa na vitu hivyo. Njo maana tunatia mbolea.

Halafu majivu. Kila jiko la Goma linatoa majivu ya makala kila siku na watu wanayamwaga kwa maua wakifikiri ni zawadi. Kidogo hayana neno, lakini jasmini inapenda udongo wenye uchachu kidogo na majivu yanaufanya wa magadi. Ukiona majani machanga yamekuwa njano lakini mishipa yake imebaki kijani, umemwaga majivu mengi.

Ukishajaza, mwagia maji na uache wiki moja ao mbili udongo ushuke, utashuka, ongeza juu, kisha panda.

Kupanda na maji

Panda mvua zikianza, Septemba ao Oktoba, ao zile za Machi, na ufanye jioni ao siku ya mawingu. Lowesha mche kwanza, pasua sashe usivute shina, fungua mizizi kidogo na vidole. Uweke sentimita 30 kutoka ukuta, ukiinama kidogo kuelekea ukuta, na udongo ufike pale pale ulipofika mu sashe, usizike shina. Maji lita 10 taratibu. Juu tandika majani makavu ao maganda ya maharage unene wa vidole vinne, yasiguse shina.

Miezi mitatu ya kwanza, mvua ikikosa, lita 10 mara mbili kwa wiki zinatosha. Ingiza kidole chote mu udongo, kama ncha inatoka na unyevu usimwagie leo. Na hapa kuna kitu cha Goma chenye vitabu vya wazungu havitakwambia: maji ya ziwa Kivu ni ya magadi, ukimwagia jasmini bidoni (madumu) za maji ya ziwa mwaka mzima utaona yale yale ya majivu, majani ya njano yenye mishipa ya kijani. Maji ya mvua kutoka kwa mabati ni bora. Mimi niko na pipa chini ya mfereji wa paa, limefunikwa na kitambaa mbu wasizalie, hayo njo maji ya jasmini, na ya ziwa natumia tu yale ya pipa yakiisha.

Yale majani ya kutandika usiyadharau. Mei 2021, siku tano baada ya lava, tuliambiwa tuondoke, tukatoka familia nzima tukaelekea Sake kwa mguu. Hakuna mtu alifikiria maua. Tuliporudi zaidi ya wiki mbili zilikuwa zimepita bila mvua, vumbi jeusi juu ya kila kitu, biringanya zangu zote zilikuwa zimelala, na jasmini yenye ilikuwa na miezi minane tu ilikuwa imesimama. Nilipanua yale majani na mkono, chini udongo ulikuwa bado baridi. Nililia pale pale.

Pa kushika

Jasmini haina makucha, haiwezi kushika ukuta wa mawe wala wa sementi, inajizungusha tu. Inahitaji kitu chembamba cha kuzunguka. Mimi nilifunga waya za kulala, moja kila sentimita 35, zikiwa mbali na ukuta kwa sentimita 10 kwa kutumia vipande vya mbao vilivyopigwa misumari, hewa inapita nyuma. Nguzo ni za mikaratusi za kununua, tafadhali musikate mu Hifadhi ya Virunga kwa ajili ya maua. Funga kwanza na vitambaa vya nguo za zamani mu umbo la namba 8, usitumie waya kufunga shina, linanenepa na waya unalikata. Uangalie tawi changa linazungukia upande gani, ulifuate, ukilizungusha kinyume litajifungua usiku.

Mche ukifika kama nusu mita, kata ncha yake. Inauma roho, najua, lakini ukiacha kamba moja iende juu peke yake utapata maua kwa paa na miguu mitupu chini. Ukikata, inatoa matawi matatu manne, uyafungue kama vidole vya mkono uyafunge kila moja upande wake. Mwaka wa kwanza usitafute maua, mmea unajenga mizizi.

Kulisha na kukata, pale watu wengi wanapoteza maua

Jasmini yangu ya pili, ile ya mwaka mzima bila ua, niliiua kwa upendo. Kila mwezi mbolea ya kuku, na kila ilipotoa matawi marefu niliyakata ili ipendeze. Mbolea ya kuku iko na nitrojeni nyingi, mmea unakula unatoa majani tu. Na matawi yale marefu njo yenye yangebeba maua, jasmini hii inachanua juu ya matawi iliyoyaotesha msimu wenye ulipita. Nilikuwa nakata maua kabla hayajazaliwa. Baadaye niling'oa ikiwa nzima kabisa, bado nasikia vibaya.

Sasa nafanya hivi: mbolea ya mbuzi ndoo nusu kila miezi mitatu, ya kuku konzi mbili tu mara moja kwa mwaka, mvua zikianza. Maua mengi kwangu yanakuja baada ya ule wakati mkavu wa Juni hadi Agosti, usiku unapokuwa baridi, na wakati huo napunguza maji, siyakati kabisa, napunguza. Maua yakiisha tu, ile wiki ile ile, nakata. Natoa kwanza matawi makavu ya ndani, halafu yale yaliyochanua nayafupisha kwa theluthi, makasi yakiwa juu kidogo ya kifundo chenye majani mawili. Baada ya hapo siigusi na makasi hadi maua mengine.

Matawi yenye umekata usiyatupe msituni wala kando ya barabara ya Rutshuru. Australia na New Zealand mmea huu ulitoroka bustanini ukawa gugu mu misitu yao, kipande kikigusa udongo mbichi kinaota. Yaanike kwenye mabati hadi yakauke kabisa, halafu rundo la mbolea.

Wadudu na maneno ya majirani

Vidukari vinakaa kwa vichipukizi laini, vya kijani ao vyeusi, na ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwa shina ujue vidukari viko juu, sisimizi wanafuata ile asali yao. Kijiko kimoja kidogo cha sabuni ya maji mu lita moja ya maji, nyunyizia jioni chini ya majani, asubuhi suuza na maji safi, rudia baada ya siku tano. Wakati mkavu angalia utitiri, majani yanakuwa na vidoa vidogo vya kijivu na utando mwembamba kama vumbi, hao hawapendi maji, wapige na maji kila jioni mu wiki moja. Vumbi la barabara nalo ulisafishe, jani lenye limefunikwa halipati jua.

Jirani yangu mama mmoja mtu mzima alinionya, mwanangu, maua ya harufu yanaita nyoka. Sikumbishia, niliondoa majani yote sentimita 30 kutoka chini pakabaki peupe, sababu nyoka anafuata panya na panya anafuata pahali penye giza pa kujificha. Alikuja akaangalia, akaridhika, akaomba tawi.

Kumpatia tawi, njia ya hakika ni kulilaza. Chagua tawi la chini lenye nguvu, likwangue ngozi kidogo chini ya kifundo, urefu wa kucha, uzike ile sehemu sentimita 5, weka jiwe juu, ncha ibaki nje. Miezi miwili mitatu vuta kidogo, likikataa kutoka iko na mizizi, kata upande wa mama na uhamishe. Vipande vya kukata navyo vinaota, sentimita 12, majani ya chini yaondolewe, mu mchanga wenye unyevu chini ya chupa ya plastiki iliyokatwa, kivulini, wiki sita hivi, lakini kati ya kumi mimi napata tano ao sita.

Kuchuma, chuma jioni vitumba vikiwa vimevimba na vinataka kufunguka, si mchana. Weka kumi kumi na tano mu kisahani chenye maji kidogo juu ya meza ya kulia, umeme ukatike ama usikatike, kabla chakula hakijaiva vitakuwa vimefunguka vyote.